Bomba Lililolia Lenyewe

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba uache kwanza kunipima mapigo, maana moyo huu hautapona kwa kuhesabiwa. Nina jambo la kusema, na pumzi yangu siku hizi ni kama ya mvukuto uliotoboka, naingiza nyingi inatoka kidogo. Wa kati, weka simu yako hapo mezani irekodi, kwa sababu ninyi watatu hamjawahi hata siku moja kukubaliana juu ya neno mlilolisikia pamoja, na sitaki nikishafukiwa muanze kubishana kwamba baba alisema hivi, baba alisema vile. Nikikohoa msiizime. Nikilia msiizime pia.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu watatu sawasawa, na asije mmoja wenu akamwambia mwenziwe atoke, hata kama huyo mwenziwe ana mdomo mrefu, na mnajua namsema nani. Chumba cha mbele kina mwanga mzuri, kifungua mimba akitaka kufundishia watoto wake wa shule humo, aachiwe. Saa ya ukutani achukue yeyote atakayevumilia kelele zake. Makaratasi ya muziki ya mama yenu yaliyomo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki ni ya kifungua mimba, maana ndiye peke yake aliyejaliwa kuyasoma. Sisi wengine tunaona viluwiluwi tu vilivyonasa kwenye waya. Na karakana, pamoja na kila kilichomo, patasi, randa, msumeno, mashine ya kuzungushia, ngozi na gundi, hadi ufunguo wa mlango, hiyo si yenu. Hiyo ni ya mjomba wenu.

Naona mnatazamana. Ndiyo, huyo huyo. Sikio. Wa kati umeshakunja uso kama uliyeng'ata ndimu. Sikilizeni, wanangu, msikasirike upesi, maana hasira mkiitoa sasa mtaimwaga pasipo pake, na mwenye kuistahili yuko hapa kitandani anawatazama. Mnamjua mjomba wenu kwa niliyowaambia mimi: kwamba ni mlevi, kwamba kwa uzembe wake aliiharibu ile santuri ya mama yenu siku ya mwisho ya kurekodi, kwamba mama yenu alivunjika moyo kwa sababu yake na hakuandika tena muziki mpaka anaingia kaburini. Wanangu, mjomba wenu hakuharibu kitu. Niliyeharibu ni mimi. Niliharibu kwa mkono wangu huu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, kisha nikamsingizia yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo waliniona mimi nikija.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Mnapaswa kujua kwanza mimi nilikuwa nani. Nilikuwa kijana wa kuranda mbao za milango, sina baba wala mlezi, na mjomba wenu ndiye aliyenichukua akanifundisha kazi ya vinanda vya mabomba, vile vikubwa vya kanisani vinavyoimba kwa upepo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Waliomwita Sikio hawakumtania: alikuwa akisimama mlangoni mwa kanisa kuu, kinanda kinapigwa mabomba elfu mbili kwa pamoja, naye akanyoosha kidole, akasema, bomba la nne kutoka ukutani limeshuka sauti. Tukipanda kupima tunakuta kweli limeshuka. Alinifundisha kukata ngozi, kuziba upepo, kulisikiliza bomba kabla ya kuligusa. Naye alikuwa na dada, mpiga kinanda wa kanisa lile, msichana wa maneno machache na vidole virefu, na hakuniona mdogo wa kumwoa. Alisema, "Shemeji, mkono wako unajua kusubiri, na dada yangu anahitaji mtu wa kusubiri." Nakumbuka nilicheka. Sikujua kwamba ilikuwa sifa niliyopewa kabla sijaifanyia kazi.

Mama yenu alianza kutunga akiwa na wewe, kifungua mimba, mgongoni. Haukuwa muziki wa kuimbika. Hapakuwa na wimbo wa kuushika ukatoka nao barabarani. Alikuwa akishikilia sauti moja dakika nzima, kisha anaileta nyingine karibu yake, karibu kabisa, mpaka zinaanza kusuguana na hewa yote ya kanisa inatetemeka kwenye meno yako. Mtunza kanisa, mzee mwenye mzaha, alikuwa akipita na ufagio wake anauliza, "Mama, hicho kinanda kinaumwa?" Na mama yenu anamjibu bila kugeuka, "Hapana baba, kinafikiri." Mimi niliupenda muziki ule kwa namna ambayo sikuielewa, na hicho ndicho kilichoniuma, kwamba niliupenda bila kuuelewa, wakati kaka yake aliuelewa. Wakikaa wawili wale kwenye benchi la kinanda wananong'ona habari za sauti, mimi nilikuwa mtu wa kushika taa.

Basi, mwaka ule ambao wewe kitinda mimba ulikuwa tumboni, akamaliza kazi moja ndefu yenye sehemu sita, na akaja mtu mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, kazi yake kurekodi. Tulimwita Mtu wa Kanda. Alikuwa amesikia mama yenu akipiga siku moja kabla ya ibada, akakaa kwenye benchi la nyuma mpaka watu wakaanza kuingia, akamfuata, akamwambia muziki huu lazima ushikwe kwenye kanda usipotee. Na kupitia kwake ikaja barua kutoka chuo cha mbali, ng'ambo huko, inayosema: tutumie kanda kabla mwezi haujaisha, na ikiwa kazi ni kama tulivyoelezwa, njoo ukae nasi mwaka mmoja utunge, na ukishajifungua njoo na mtoto.

Aliisoma barua ile amesimama jikoni. Sijawahi kumwona amesimama vile, kama mtu ambaye ardhi imemwongezea kimo. Akaniambia, "Mwaka mmoja tu, baba watoto. Mwaka mmoja si mwingi." Nikamwambia ni kweli, si mwingi. Usoni nilitabasamu. Lakini moyoni nilisikia mlango unafungwa. Nilijiambia: akienda huko atakutana na watu wanaojua anachokisema, na akishazoea kueleweka hatarudi kwa mtu wa kushika taa. Hofu, wanangu, huwa haiji na sura yake. Inakuja imevaa koti la mapenzi, inapiga hodi kwa adabu, unaikaribisha kiti. Nilidhani nampenda mke wangu. Kumbe nilikuwa nalinda mali.

Walirekodi siku tatu. Mtu wa Kanda alitandaza waya kanisa zima, akasimamisha vipaza sauti juu ya milingoti kama korongo, akaniambia, "Fundi, shika waya huu. Fundi, usitembee." Mjomba wenu alikuwa akipanda ndani ya kinanda kila asubuhi, bomba kwa bomba, kuhakikisha kila moja liko mahali pake. Zamu ya safu ya juu, ile ya mabomba membamba, ilikuwa yake. Kazi yangu ilikuwa kwenye mota ya upepo, kwa sababu sehemu ya sita ilimalizika kwa namna ya ajabu: mama yenu alitaka aendelee kushikilia funguo kwa vidole vyake, na mimi nizime mota, upepo uishe wenyewe polepole, mabomba yalegee moja moja, sauti zishuke kama wazee wanaotafuta pa kuketi. Nami ndiye niliyepewa kuzima. Aliniambia, "Wewe ndiye utakayeumaliza." Ilikuwa heshima, na mimi nikaisikia kama ni kazi ya kibarua.

Siku ya tatu, adhuhuri, wote walitoka kula kwenye ngazi za nje. Nikasema naangalia mafuta ya mota. Nikapanda ngazi ya ndani ya kinanda. Nataka mjue nilichofanya, ili msije mkanifanyia huruma ya kudhani ilikuwa bahati mbaya. Kila bomba limekalia tundu, na chini ya tundu kuna kifuniko kidogo chenye ngozi. Mpigaji akibonyeza, kifuniko kinafunguka, upepo unapanda, bomba linasema. Akiachia, kifuniko kinarudi, bomba linanyamaza. Nilichukua unyoya wa mbao uliotoka kwenye randa yangu, mwembamba kama ukucha, nikauegesha kwenye ukingo wa kifuniko kimoja cha safu ya juu, ili kikifunguka mara ya kwanza uteleze uingie ndani, na kifuniko kisirudi tena. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikashuka, nikanawa mikono, nikaenda kula pamoja nao, na mjomba wenu akanisogezea chakula akasema, "Kula shemeji, kazi ya kuzima si ndogo."

Sehemu ya sita ilianza saa tisa. Saa kumi kanisa lilikuwa la watu wa harusi, walikuwa tayari nje na maua yao wanachungulia. Mama yenu alipiga vizuri kuliko siku zote. Dakika ya tisa akaligusa bomba lile. Akaliachia. Halikunyamaza. Likabaki juu ya kila kitu, jembamba, linalia peke yake, kama mtoto aliyesahauliwa chumbani. Niliona mgongo wake ukikakamaa, lakini hakusimama, aliendelea dakika kumi nzima na kile kilio juu ya kichwa chake, akanipa ishara, nikazima mota. Na mabomba yote yakalegea, yakanyamaza, isipokuwa lile, likawa la mwisho kufa.

Watu wa harusi wakapiga makofi. Walidhani ndivyo muziki ulivyo.

Mama yenu hakulia pale. Alishuka, akamwendea kaka yake, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nilikuomba jambo moja tu." Mtu wa Kanda ilikuwa lazima asafiri asubuhi yake. Nafasi ya kurudia haikuwepo. Na kesho yake wazee wa kanisa walituita ofisini, wakauliza, "Safu ya juu aliigusa nani mara ya mwisho?" Wakanitazama mimi, kwa kuwa mjomba wenu alikuwa akitazama sakafu, mkono mfukoni. Nikasema, "Shemeji." Neno moja. Na mmoja wao akaongeza, "Nilimwona juzi na chupa," kwa maana ni kweli alikuwa akionja kidogo kama wanaume wote wa mtaa ule, na mimi mwenyewe nilikuwa nikionja naye. Sikukanusha. Wakamwondoa kwenye kinanda alichokilea miaka kumi na tisa, na habari ikatembea, maana kazi hii ni ndogo na wenye vinanda wote wanajuana. Hakuna kanisa lililomwita tena. Sikio aliyesikia bomba moja kati ya elfu mbili akaenda kutengeneza pampu za maji nyuma ya stendi. Na funguo za kinanda nikakabidhiwa mimi. Nikazipokea.

Ngojeni. Ngojeni nipumzike. Usiniwekee huo mto, mwanangu, acha tu.

Mtafikiri hapo ndipo uovu wangu unapoishia. Laiti. Lile la kwanza nililifanya kwa hofu. Hili la pili nililifanya kwa utulivu kabisa. Wiki moja baadaye ulikuja mfuko wa karatasi kwa jina la mama yenu, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Ndani yake kanda, na barua ya Mtu wa Kanda: siku ya pili, wakati wa majaribio, aliiacha mashine yake ikaendelea, na sehemu ya sita yote imeshikwa, safi, haina kilio, labda hii itafaa kutumwa chuoni. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe. Siku kumi na mbili, wanangu. Ningeweza kumpa jioni ile ile, na mambo yote yangekuwa kichekesho cha kusimulia. Niliipeleka karakana, nikaisukuma nyuma ya kopo la gundi, nikarudi kumsaidia kuosha vyombo.

Mama yenu aliwaandikia watu wa chuo kwamba hawezi kutuma kazi yenye doa. Barua yao ikaishia hapo. Ukazaliwa wewe, kitinda mimba, na watu wakasema nyumba ile ina bahati. Mwaka uliofuata Mtu wa Kanda, kwa kuipenda mno ile kazi, na kwa kuwa barua yake haikujibiwa akadhani kilio kimekubaliwa, akaitoa kwenye santuri kama ilivyo, nakala chache, na yakatokea yale msiyoyajua vizuri: watu wa mbali wakaanza kuandika barua. Na wote walisifu kitu kimoja. Kile kilio. Walisema ni sauti ya upweke, ni roho inayokataa kuondoka, sijui ni nini. Mama yenu alikuwa akisoma barua hizo mezani, anacheka bila furaha, anasema, "Wananisifia kamasi puani." Alifundisha kwaya, alipiga kwenye harusi za watu, aliwalea ninyi. Lakini karatasi tupu hakuzigusa tena. Mimi nilimwona kila siku, na kila siku nilikuwa na dawa yake nyuma ya kopo la gundi. Halafu nikawafundisha ninyi kumchukia mjomba wenu, kwa sababu kila alipotajwa kwa wema nilihisi joto usoni. Mficha uchi hazai, na mimi nilizaa kwa shida: nilizaa watoto wasiomjua mjomba wao.

Miaka sita iliyopita, mama yenu alipokuwa amelala hapa hapa nilipolala mimi, aliniomba nimwekee ile santuri. Hakuwa ameiomba kwa miaka mingi. Lilipofika bomba lile akafumba macho. Akaniambia, "Unajua, nimeshalizoea. Nimempoteza kaka yangu kwa ajili ya filimbi." Kisha akaniuliza, "Nikimwita, unadhani atakuja?" Mlango ulikuwa wazi, wanangu. Wazi kabisa, na aliyeufungua ni yeye. Nami nikasema, "Pumzika kwanza, tutamwita ukipata nafuu." Hakupata nafuu. Nikikumbuka mota, nikikumbuka unyoya wa mbao, hata kanda, huwa nasikia aibu. Nikikumbuka neno lile, "pumzika kwanza", nasikia kitu kingine ambacho sina jina lake.

Na siku ya maziko alikuja, mnakumbuka, amesimama nje ya lango ameshika kofia. Wewe wa kati ulimfuata ukamwambia, "Huna haya? Ulimuua akiwa hai, leo umekuja kumtazama?" Nilisikia. Nilikuwa nimeketi hatua tano kutoka hapo. Usijilaumu, mwanangu, usinililie. Uliyasema maneno niliyokulisha kwa kijiko tangu utotoni.

Baada ya maziko niliipeleka kanda kwa fundi mmoja mwenye mashine ya zamani, nikaisikiliza. Ni nzuri. Ni nzuri mno, sijui kueleza. Mwishoni, sauti zikishalegea zote, mashine ilikuwa bado inazunguka, na mama yenu anasikika anacheka, kicheko cha msichana, anauliza, "Kaka, umesikia?" Na mjomba wenu, kutoka mbali ndani ya mabomba, anajibu, "Nimesikia." Basi. Mimi nilikuwepo, nimesimama kwenye mota, na sisikiki popote.

Jumanne iliyopita, mlipokuwa kazini, nilimtuma jirani akamwite. Alikuja. Ana miaka themanini na mbili, anatembea na fimbo, na masikio yale sasa yanahitaji umuinamie. Nilimwambia yote, kwa sauti ya juu, nikipiga kelele dhambi zangu mpaka nadhani mtaa mzima ulisikia. Nilidhani ataninyoosha na fimbo. Akatia mkono mfukoni, akatoa kijitabu cha vipimo kilichochakaa, akakifungua, na ndani yake umebanwa ule unyoya wa mbao. Jioni ile ya harusi, kabla hajafukuzwa, alipanda akautoa. Akauona una mchirizi katikati, na randa yangu ilikuwa na pengo kwenye makali, kila alichokiranda kilitoka na mchirizi huo. Alijua, wanangu. Alijua tangu siku ya kwanza. Alipoitwa ofisini alikuwa nao mfukoni.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Akasema, "Dada yangu alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Ningesema, angekuacha siku ile ile. Nikajiambia, sisi wawili mmoja lazima apoteze nyumba, na mimi sina mtoto." Nikamwambia, "Basi ulinisamehe." Akatikisa kichwa, akasema, "Hapana, shemeji. Sikukusamehe. Nilikuvumilia. Ni vitu viwili." Nikamwuliza nifanye nini. Akasema hataki nipige magoti, magoti yangu yenyewe hayana kazi. Akasema, "Waambie watoto. Nataka wanijue kabla sijafa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwimbia yule mkubwa mkiwa kazini."

Ndiyo maana nimewaita.

Sasa maagizo, na nitayasema kwa ufupi maana... maana naona mbali panakaribia. Kuna barua kwenye droo. Wanaotoa santuri wanataka kuitoa upya ile ya mama yenu, na wanaomba familia iandike neno kuhusu kile kilio maarufu, na niweke sahihi yangu kwamba ndivyo mtunzi alivyotaka. Sikuweka. Kifungua mimba, wewe utawajibu. Waambie ukweli. Waandike kwamba bomba lile lililizwa na mume wake kwa wivu. Waandike kwamba fundi aliyetunza kinanda kile alikuwa kaka yake, na hakuwa na kosa; waandike jina lake kamili, si lakabu. Na sehemu ya sita itolewe ile safi, na kile kicheko wasikikate. Mtaaibika. Watu watasema baba yenu alikuwa hivi na hivi. Waacheni waseme, watakuwa hawajakosea. Kanda niliirudisha pale pale karakana, nyuma ya kopo la gundi.

Wa kati, mkabidhi mjomba ufunguo wa karakana kwa mikono miwili. Asipotaka kuupokea, usimlazimishe. Uweke karibu naye uondoke. Akiwafukuza, rudini kesho. Akiwatukana, mkae mtukanwe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Msimwambie baba amebadilika, baba anajuta. Mimi si habari mnayompelekea. Mwulizeni habari za mama yenu. Anamjua msichana ambaye mimi sikumfikia.

Na ninyi kwa ninyi... mtu akikwambia anakwenda, na moyo ukakuuma, mwambie moyo unaniuma. Mwambie kwa mdomo. Usipande ngazi. Mke wako, mume wako, mtoto wako, mwambie naogopa. Ni neno dogo. Lilinishinda miaka thelathini na minne.

Kitinda mimba, sogea, sauti inakwisha. Nilikuwa nikikutazama ukikua nikisema, huyu ndiye sababu, kwa ajili yake mama alibaki. Uongo. Wewe hukumzuia mtu. Alikuwa aende nawe mgongoni.

Mungu awape... awape kusikia. Awape kunyamaza pale pa kunyamaza, na pale pa kusema asiwape usingizi. Azibariki nyumba zenu, milango yake iwe myepesi. Mikono yenu isiwe na kitu cha kuficha. Nawapenda wote. Sikujua kupenda, lakini nawapenda.

Sasa nyanyukeni. Mwende kwake. Leo, sasa hivi, jua likiwa bado juu, msingoje nife ndipo mwende, maana mtamkuta ni mtu wa rambirambi. Wote watatu. Na wewe kitinda mimba, muuguzi wangu, nawe pia, acha kutikisa kichwa. Asibaki mtu wa kunilinda. Mkirudi mkanikuta, vizuri. Msiponikuta... jirani yupo, atanifumba macho. Nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Bisheni kwa nguvu, hasikii vizuri.

Nendeni, wanangu.

Nendeni.